Kuchimba Choo Kabuchai

Wiki ya kwanza ya ndoa yangu nilienda haja kwa jirani. Sasa naweza kusema hivyo bila aibu, lakini wakati ule niliona haya mpaka nikapunguza kunywa chai. Nilikuwa nimeolewa Kabuchai, mapema miaka ya elfu mbili, kutoka nyumbani kwetu karibu na Kitale, na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba huko mke wa mwana hatumii choo kimoja na baba mkwe wake. Mama mkwe ndiye aliyenieleza, asubuhi ya kwanza, tukiwa jikoni kwake, akichochea moto bila kuniangalia.

"Hiyo choo ya hapa ni ya mzee," alisema. "Wewe utakuwa unaenda kwa yule mama wa ng'ambo ya miwa mpaka bwana yako achimbe yenu. Nimeongea na yeye, hana shida."

"Na tutachimba lini?"

"Wakati mchanga itakubari."

Nilidhani ni namna tu ya kusema, kama watu wanavyosema "Mungu akipenda". Nilikotoka mimi, udongo haukuwa na neno. Ukitaka shimo, unachimba shimo.

Babu yangu alitoka Murang'a akaja kununua shamba Trans-Nzoia, na baba akazaliwa upya pale, kama alivyopenda kusema, kwa sababu ya ule udongo mwekundu. Nilipokuwa mdogo nilimwona akichimba choo kipya nyuma ya zizi. Alianza asubuhi akiwa amevaa kofia, na baada ya siku chache hatukuiona tena kofia wala yeye, tulisikia sauti tu ikitoka chini. Alikuwa akichonga vijishimo ubavuni mwa shimo, vya kukanyagia, na jioni alipanda kwa hivyo vijishimo kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba. Kuta zilikuwa laini na zimenyooka, nyekundu kama nyama, na hazikuwa na jiwe wala tone la maji. Hazikuhitaji kuzuiwa na kitu chochote. Mama alikuwa akipika githeri huku akiulizia kila mara, "Bado uko hai huko?" na baba akajibu kutoka chini kwamba angali hai na ana njaa.

Udongo ule ulitufanyia kila kitu. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali tuliyochoma wenyewe, msingi wake mfupi, na sijawahi kuona ufa ukutani. Bustani ya mama ilikuwa na minji, viazi, dania na managu, na mvua ikinyesha asubuhi, mchana unaweza kutembea ndani na viatu vya kanisani. Mambo haya sikuyathamini. Nilidhani ardhi yote ya Mungu iko hivyo.

Mume wangu alikuwa mwalimu. Nilimfahamu akifundisha shule ya karibu na kwetu Kitale, na alipopata uhamisho kwenda karibu na kwao, ndipo tukaoana. Baba yake alimpa kipande cha shamba upande wa chini, kinachoteremka kuelekea kijito. Nilipokiona mara ya kwanza ilikuwa Januari, na moyo wangu uliruka kwa furaha, kwa sababu udongo wake ulikuwa mweusi. Kwetu mtu akiona udongo mweusi anajua pana mbolea. Nilichoshangaa ni nyufa tu. Ardhi ilikuwa imepasuka kila mahali, na nyufa nyingine mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko.

"Ni kiangazi," mume wangu aliniambia. "Ikinyesha zinajifunga."

Tulianza na choo, kwa sababu nilisema sitaingia katika nyumba isiyo na choo. Tuliita wachimbaji wawili kutoka sokoni Sirisia. Walichimba kwa taabu, kwa maana udongo ule ukikauka ni kama sufuria. Jembe lilikuwa likigonga na kurudi. Lakini shimo likapatikana, refu kumpita mtu, na chini walikuta udongo wa kijivu unaong'aa kidogo, wa kufinyangia vyungu. Wakaweka magogo juu, wakakandika ukuta, wakapiga mabati. Kando yake mafundi walijenga nyumba yetu ya vyumba viwili, ya miti na udongo, sakafu ya saruji. Nilimshukuru yule mama wa ng'ambo ya miwa kwa kumpelekea sukari na sabuni, na nikarudi kwangu nikitembea kama malkia.

Baba mkwe alikuwa akipita juu kwenye njia ya ng'ombe na kututazama tukijenga. Hatukuwa tunazungumza, mimi na yeye, isipokuwa salamu ya mbali. Heshima ya huko inataka mkwe wa kike asipeane mkono na baba mkwe, asikae naye chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja apinde pembeni kumpisha mwenzake. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti la kijivu alilovaa hata kwenye jua kali, na kila alipotaka kuniambia jambo alimwambia mkewe. Siku tuliyomaliza kuezeka, mama mkwe alikuja akasimama mlangoni.

"Mzee anauliza kama mumeweka mawe chini ya hiyo nyumba."

Mume wangu alicheka. "Mwambie ni nyumba ya udongo, mama. Si ghorofa."

Mvua ilianza mwishoni mwa Machi. Nyufa zilijifunga kweli, kama mume wangu alivyosema, lakini ardhi haikuishia hapo. Ilivimba. Ilianza na mlango wa mbele. Asubuhi moja haukufunguka, na mume wangu, amevaa tai ya kwenda kazini, akatokea dirishani. Aliazima randa kwa seremala akapunguza ubao, mlango ukafunguka vizuri. Ufa ukatokea kwenye pembe ya chumba cha kulala, ukapanda kila siku mpaka ukafika kwenye mabati. Sakafu ya saruji ikainuka katikati, ukiweka kikombe mezani chai inakaa upande. Gamubuti zangu zilikuwa zikibeba udongo mpaka mguu mmoja unakuwa mzito kuliko mtoto, na siku nyingine nilitoa miguu nikaziacha zimesimama shambani zenyewe.

Choo kilikuwa cha mwisho. Niliingia asubuhi nikasikia sauti ambayo haifai kusikika ndani ya choo, sauti ya maji yaliyo karibu. Nikachungulia. Maji yalikuwa yamepanda mpaka yanakaribia magogo. Nilirudi nyumbani nikaketi kitandani. Siku iliyofuata upande mmoja wa shimo ulibomoka, na choo chote kikaegama kuelekea kijitoni kama mtu anayetaka kutapika. Wachimbaji walikuja kukifunika kwa udongo na majani, wakiwa mbali kadiri walivyoweza, na mimi nikachukua kanga yangu nikaanza tena safari ya ng'ambo ya miwa.

Yule mama alinipokea bila kicheko. "Hata mimi nilimaliza tatu kabla ya hii," aliniambia. Hilo lilinituliza kidogo.

Habari zilimfikia baba kwa simu ya kibandani. Nilikusudia kumweleza mambo ya kawaida tu, lakini sauti yangu ilikatika nikiwa katikati ya sentensi, na alikuja siku ya tatu. Alishuka Webuye, akapanda gari lingine, akafika na gunia la mahindi, na mama akiwa nyuma yake na mfuko uliofungwa kwa gunia bichi. Baba alizunguka nyumba yetu. Alipitisha kidole kwenye ule ufa, akapiga sakafu kwa kisigino, akatikisa kichwa.

"Mami, hawa watu wamekuchimbia choo gani?" aliniuliza. "Leta jembe. Nitachimba mwenyewe."

"Baba, hapa si kama kwetu."

"Shimo ni shimo."

Alichagua mahali pengine, juu kidogo ya pale pa kwanza, akavua koti na kuanza. Mvua ilikuwa imekatika, jua linawaka. Nilisimama kando nikimtazama, na kwa muda nilihisi nimerudi nyuma ya zizi letu Kitale. Alikuwa bado na ile mikono. Lakini udongo ulikuwa ukinata kwenye jembe, akawa anaupangua kwa mkono kila baada ya kupiga, na alipofika magotini maji yakaanza kutoka pembeni, taratibu, masafi kabisa. Akaendelea. Yakafika kiunoni. Alijaribu kuyateka kwa ndoo, lakini kila alipoinua ndoo moja ilikuwa kama ndoo nyingine inaingia. Mwisho alisimama tu mle ndani, mweusi kuanzia kifuani kwenda chini, akishika jembe, na nikaona kwamba hajui la kufanya. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo maisha yangu yote.

Baba mkwe alikuwa juu kwenye kipenu cha nyumba yake, ameketi kwenye kiti, akitazama kila kitu. Alimtuma mama mkwe na taulo na maji ya moto. Baba alipooga na kubadilisha nguo, aliitwa kule juu kwa chai. Mimi nilikaa jikoni kwa mama mkwe, kando ya kipenu, ambapo ukuta ulikuwa na tundu, na mama yangu na mama mkwe nao walinyamaza ili wasikie.

"Mkwe," baba mkwe alisema, "hiyo mchanga si ya kushindana nayo. Hata baba yangu alishindana nayo."

"Sasa kwa nini mulipatia watoto hapo?" baba aliuliza. Alisema kwa adabu, lakini aliuliza.

Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.

"Ni kweli. Hapo ni pa miwa na ng'ombe tu," baba mkwe alisema. "Lakini kijana akioa, hawezi kujenga karibu na baba yake. Yule msichana atapita wapi? Mimi nitapita wapi? Huku juu kukavu ni kadogo. Kuna hapa pangu, na kuna pale pa mama yangu."

"Pa mama yako ni wapi?"

"Pale penye nyasi. Nyumba yake ilianguka zamani. Sijawahi kulima hapo."

Baba hakujibu. Nadhani alijua kwamba neno lolote atakalosema litakuwa ni kuomba, na kitu cha namna ile hakiombwi. Wakaongea habari ya bei ya mbolea. Usiku wazazi wangu walilala kwenye nyumba yetu ya chini, wakisikiliza mlango ukilia, na asubuhi, kabla hawajaondoka, mama mkwe alishuka na ujumbe.

"Mzee anasema mujenge kwa mama yake. Atahamisha njia."

Mwanzoni sikuelewa alichomaanisha kwa kuhamisha njia. Nilielewa wiki hiyohiyo. Alichukua panga na kukata matawi ya yale maua ya manjano yanayoota kando ya barabara za huko, akayapanda kwa mstari mrefu kati ya nyumba yake na pale penye nyasi, mpaka yakawa ua. Akaziba mlango wake wa mbele uliotazama huko, akamwita fundi akatoboa mwingine upande wa pili. Njia ya ng'ombe, ambayo ilikuwa imepita mahali pamoja tangu enzi za baba yake, akaizungusha nyuma. Na asubuhi akipeleka ng'ombe maji, alikuwa akikohoa mara mbili kwa sauti anapokaribia upande wetu, nami nikasimama ndani mpaka apite. Kikohozi kile ndicho kilikuwa mazungumzo yetu kwa miaka mingi, na siku ambazo sikukisikia nilimuuliza mama mkwe kama mzee ni mzima.

Kule juu udongo ulikuwa mwembamba. Chini yake kulikuwa na changarawe, na chini ya changarawe mwamba unaovunjika kwa mtaimbo. Wachimbaji walilalamika kutwa nzima. Shimo la choo lilichukua zaidi ya mwezi, na halikuwa refu hata nusu ya lile la baba kule Kitale, lakini lilikaa kavu, kuta zikasimama. Msingi wa nyumba tuliuwekea mawe, na safari hii mume wangu hakucheka. Miaka michache baadaye maji ya mfereji yalipofika, tulichimba hata shimo la maji machafu ya bafuni, na maji yakawa yanazama kwenye changarawe bila kusimama. Mlango wa nyumba ile unafunguka Januari na unafunguka Aprili.

Ilibaki ardhi ya chini. Nyumba ya kwanza tuliibomoa tukachukua mabati. Shimo alilochimba baba halikufukiwa, kwa sababu kila aliyetaka kulifukia alisema atalifukia kesho, na lilikaa pale limejaa maji masafi, vyura wakiimba. Mama alipokuja kunitembelea mara ya pili alisimama kandokando yake kwa muda mrefu. Kisha akacheka peke yake.

Ule mfuko aliokuja nao mara ya kwanza ulikuwa na miche ya nduma, zile wengine huita magimbi. Kule Murang'a alikozaliwa nduma hukua kando ya mito, na tangu aolewe Kitale alikuwa amejaribu kuzipanda karibu na kisima, karibu na bafu, kila mahali palipo na unyevu kidogo. Kila Januari zilikufa, maana udongo wetu mwekundu ulikuwa unapitisha maji kama chujio. Alikuwa ameniletea ile miche ili nijaribu, nami kwa taabu zangu nilikuwa nimeitupa kwenye beseni la maji nyuma ya jiko la mama mkwe, ikakaa humo ikiota mizizi.

"Leta zile nduma," aliniambia. "Baba yako amekulimia na hajui."

Tulibomoa kingo za lile shimo likawa pana na la kina kifupi, tukapanda, tukakanyaga matope kwa miguu. Mama aliinua gauni mpaka magotini. Sijui kama nimewahi kumwona amefurahi namna ile. Mama mkwe alikuja kututazama na mikono kiunoni.

"Hayo majani iko hapo mtoni kwa wingi," alisema. "Hiyo ni chakura ya watu?"

"Ngoja uone, mama," mama yangu alimjibu.

Mama mkwe naye hakutaka kushindwa. Alinifundisha kukata matawi ya ule ua wa manjano yakiwa mabichi, kuyakatakata na kuyafukia kwenye matuta ya kule juu wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa sababu udongo wa changarawe hauna nguvu. Mwaka ule nilipata sukuma wiki ya majani mapana kama masikio ya ng'ombe. Kwa hiyo ua wa mzee ulikuwa ukikatwa upande wangu na kuota upya, na upande wake ukabaki mrefu.

Nduma za kwanza zilitoka baada ya misimu miwili ya mvua. Nilizichemsha, nikachagua tatu kubwa, nikamenya na kuziweka kwenye sahani yenye kifuniko, na mama mkwe akazipeleka kwa mzee. Nilingoja. Alirudi na sahani tupu.

"Amesema nini?"

"Amekura," alisema mama mkwe. "Ameuliza kama ziko zingine."

Baadaye yeye mwenyewe alikuwa akizipeleka soko la Sirisia kwenye beseni, akiwaeleza wanawake wenzake jinsi ya kuzipika kana kwamba yeye ndiye aliyezileta kutoka Murang'a.

Krismasi moja, mtoto wetu wa kwanza akiwa ameanza kutembea, nilimchukua mama mkwe tukaenda naye Kitale. Hakuwa amewahi kufika kwetu. Mahindi yalikuwa yamevunwa, shamba liko wazi, jekundu mpaka mbali, na mlima unaonekana vizuri kwa sababu kulikuwa hakuna ukungu. Alivua viatu getini. Nilidhani ni heshima, nikamwambia si lazima, lakini alikuwa tayari anatembea kuelekea shambani. Aliinama akachukua udongo mkononi, akaufinya, akaufungua mkono. Ukamwagika wote. Hakuna hata chembe iliyobaki imeshika kidole.

"Kumbe hivi," alisema.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu, akingoja kusifiwa. Alikuwa amengoja jambo hilo tangu siku ile ya kwanza.

"Ni nzuri," mama mkwe alisema mwisho. "Hii mtu anaweza kurima na viatu. Lakini maji mnatoa wapi?"

"Kisima," baba alijibu. "Kirefu sana."

"Aa." Alisugua mikono, akatazama shamba lote tena, kisha akamtazama baba kwa huruma kidogo. "Pore, mkwe."

Mchana wote uliobaki waliketi nyuma ya nyumba, yeye na mama yangu, wakiambua minji kwenye sinia moja. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake, na palipokosekana neno walionyesha kwa mkono. Nilikuwa ndani nikimlaza mtoto, dirisha likiwa wazi. Walikuwa wanabishana kama ni vizuri kutia maziwa kwenye mboga za kienyeji. Walikuwa bado wanabishana jua lilipofika kwenye ghala, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameinuka.